Subira Ni ya Nani?

Wazee wetu walituachia mithali nyingi za kusifu subira. Walisema ya kwamba subira ni ufunguo wa faraja, na ya kwamba mvumilivu hula mbivu. Nao walisema kweli, kwani mkulima asiyeweza kungoja hula mbegu zake, na mwashi mwenye pupa hujenga ukuta wa kuanguka. Lakini wazee hao hao walisema pia ya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Je, walijipinga wenyewe? Hatudhani hivyo. Twaona kwamba mithali hizi zina wenyewe wawili. Ya kwanza huambiwa yule angojaye, asije akakata tamaa. Na ya pili huambiwa yule angojewaye, asije akakawia. Taabu huja watu wanapobadilishana mithali, mwenye chakula akamhubiri mwenye njaa habari za subira.

Basi swali letu ni hili: Mtu astahiliye kusaidiwa, akiisha kuandikwa jina lake, kisha akaambiwa angoje miaka mingi, je, amepewa au amenyimwa? Wengi hudhani ya kuwa kuchelewesha ni jambo la taratibu tu, kazi ya makarani na madaftari, wala haliingii katika mambo ya haki na udhalimu. Sisi twasema laingia, tena laingia kwa ndani. Nasi tutalichungua kwa kufuata habari za walemavu wangojao msaada nyumbani kwao katika nchi ya Marekani. Twachagua nchi hiyo kwa sababu huko jambo hili limeandikwa katika sheria, likaamuliwa mahakamani, na wangojao wakahesabiwa. Hivyo twaweza kuliona waziwazi, kisha tukajitazama wenyewe.

Yafaa kwanza tueleze msaada huo ni nini. Fikirini mtu ambaye mikono na miguu yake haina nguvu. Akili anayo, maneno anayo, na kazi aweza kuifanya kama akipata njia. Lakini asubuhi yahitaji awepo mtu wa kumwinua kitandani, wa kumwosha, wa kumvika, wa kumweka katika kiti cha magurudumu na kumlisha. Na usiku awepo mtu wa kumgeuza, mwili usije ukafanya vidonda. Mwingine viungo vyake ni vizima, ila hufahamu mambo polepole, naye ahitaji mwenzi wa kumwelekeza, asipotee njiani wala asijiunguze kwa moto. Kazi hizi si za daktari, wala haziponyi ugonjwa wo wote. Ni kazi ndogo ndogo za kila siku. Hata hivyo pasipo hizo mtu huyo hawezi kukaa kwake hata siku mbili.

Wasomaji wetu wazijua habari za yule mgonjwa aliyelala kando ya birika la Bethesda miaka thelathini na minane. Mara nyingi twasoma habari zile tukautazama ugonjwa wake, tukasahau neno alilolitaja yeye mwenyewe alipoulizwa. Hakulalamika kwamba maji hayapo. Maji yalikuwapo, tena karibu naye. Alichokosa ni mtu wa kumchukua na kumtia majini kwa wakati wake; na kila alipojikokota, mwingine alimtangulia. Hali hiyo ndiyo hali ya walemavu tunaowanena. Nchi yao ina mali, ina sheria njema, ina waganga mahodari. Wanalokosa ni mtu wa kufika asubuhi.

Sasa na tuieleze asili ya kungoja kwao. Mwaka 1965 Serikali Kuu ya Marekani ilifanya sheria iitwayo Medicaid, ya kuwalipia maskini na walemavu gharama za matibabu. Serikali Kuu hutoa sehemu ya fedha, na kila jimbo hutoa sehemu yake. Sheria ile iliyalazimisha majimbo kulipia matunzo ya watu wazima katika nyumba kubwa za wagonjwa; lakini msaada mwingi wa nyumbani haukulazimishwa. Hivyo mlemavu aliyekubali kuondoka kwake akalazwa pamoja na wageni alilipiwa, na yule aliyetaka kubaki na watu wake mara nyingi hakulipiwa kitu.

Upotovu wa kanuni hii ulionekana kwa mtoto mmoja, jina lake Katie Beckett, aliyezaliwa mwaka 1978 katika mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa. Alipokuwa bado mchanga alipatwa na ugonjwa wa ubongo, akapooza, hata hakuweza kupumua pasipo mashine. Alikaa hospitali karibu miaka yake mitatu ya kwanza. Kisha madaktari wakaona ya kuwa aweza kutunzwa nyumbani, na gharama za nyumbani zilikuwa ndogo kuliko za hospitali. Lakini sheria ilisema ya kwamba akiwa hospitalini atalipiwa, na akirudi kwa wazazi wake mapato yao yatahesabiwa na msaada utakoma. Mwezi wa Novemba mwaka 1981 Rais Ronald Reagan aliisimulia habari hiyo mbele ya waandishi wa magazeti, akaishutumu kanuni yenyewe. Na kabla ya Krismasi ya mwaka ule mtoto akarudi nyumbani. Alikua, akasoma hata akamaliza chuo, akaishi hata mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 34.

Mwaka huo huo wa 1981 sheria nyingine iliyapa majimbo ruhusa ya kutumia fedha za Medicaid kwa kuwasaidia walemavu nyumbani. Hili lilikuwa jambo jema, nasi hatulidharau. Watu wengi sana wamekaa kwao kwa ajili ya ruhusa ile. Lakini ndani yake mlikuwa na neno dogo lenye matokeo makubwa: kila jimbo laweza kuweka kikomo cha hesabu ya watu watakaosaidiwa. Kikomo kikiisha kujaa, wanaofuata huandikwa katika daftari, wakaambiwa wangoje. Hivyo kukawa na milango miwili. Mlango wa nyumba kubwa za matunzo hauna kikomo hicho, astahiliye huingia. Mlango wa nyumbani ndio wenye daftari.

Ubaya wa jambo hili ulifikishwa hata Mahakama ya Juu. Katika jimbo la Georgia walikuwako wanawake wawili, Lois Curtis na Elaine Wilson, ambao walikuwa na udhaifu wa akili na pia maradhi ya akili. Walikuwa wamelazwa katika hospitali ya serikali. Waganga wao walikubali ya kuwa wanaweza kuishi mjini pamoja na watu wengine, wakipewa msaada. Walakini waliendelea kuwekwa hospitalini, kwa kuwa nafasi ya nje haikupatikana. Tarehe 22 Juni 1999 Mahakama ilitoa hukumu, iliyoandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, ya kwamba kumtenga mlemavu na watu pasipo sababu ya haki ni kumbagua, na sheria ya mwaka 1990 yakataza kumbagua. Tena Mahakama ilisema jambo litufaalo sana katika swali letu: jimbo laweza kuwa na daftari la wangojao, mradi liwe na mpango wa kweli, na daftari lisogee kwa mwendo wa kiasi, lisicheleweshwe kwa sababu jimbo lataka nyumba zake kubwa zijae watu. Lois Curtis alipotoka aliishi akichora picha. Mwaka 2011 alimpa Rais Barack Obama picha moja aliyoichora mwenyewe. Alifariki mwaka 2022.

Je, daftari limesogea kwa mwendo wa kiasi? Hesabu ya mwaka 2024 ilionyesha ya kuwa watu zaidi ya 700,000 walikuwa wameandikwa katika madaftari ya majimbo mbalimbali, na ya kuwa kwa wastani mtu alingoja zaidi ya miaka mitatu. Katika jimbo la Texas wako waliongoja zaidi ya miaka kumi. Yatupasa kusema kweli yote: si wote walioandikwa watakaokutwa wanastahili, kwa maana majimbo mengine huandika majina kwanza na kupima baadaye, tena wako wapatao msaada mdogo wa namna nyingine wakati wangojapo. Lakini hata ukipunguza hesabu hiyo sana, wabaki watu wengi kuliko wakazi wa miji mingi tuijuayo. Nalo jambo la kutojua ni nani astahiliye si udhuru, bali ni kosa la pili juu ya la kwanza. Kwani ikiwa hujampima mtu, wajuaje ya kuwa aweza kungoja?

Sasa na tuuangalie mwenyewe huku kungoja, ni kitu gani.

Kwanza, mwili haujui zamu. Shamba likikosa jembe mwaka huu, laweza kulimwa mwakani. Lakini kiungo kisichonyoshwa hukakamaa, na ngozi isiyogeuzwa huoza, na madhara hayo hayarudi nyuma siku msaada ufikapo. Mtoto aliyeandikwa ana miaka sita, akiitwa baada ya miaka kumi ni kijana wa miaka kumi na sita. Yule mtoto aliyeombewa msaada hayupo tena. Miaka yake ya kujifunza kusema, kula na kucheza na wenziwe imekwisha kupita. Msaada uliopimwa kwa mtoto hauwezi kuvikwa kijana, kama vile kanzu ya mtoto isivyoweza.

Pili, angojaye hangoji peke yake. Mtu asipokuja wa kumwinua, mama yake ndiye amwinuaye; na mama naye huzeeka mwaka kwa mwaka, huku mwanawe akizidi kuwa mzito. Wengi huacha kazi zao ili kukaa nyumbani, na hivyo nyumba iliyohitaji msaada mmoja yahitaji miwili. Kisha siku moja mgongo wa mama washindwa, na hapo jamaa huukimbilia ule mlango usio na daftari. Mlemavu huondoka nyumbani kwa sababu msaada wa nyumbani ulikawia, wala si kwa sababu alihitaji kuondoka. Na serikali iliyodhani imeweka akiba mara nyingi hulipa zaidi.

Tatu, wako wanaokufa wakingoja. Katika Australia, ambako wazee dhaifu huahidiwa msaada wa nyumbani kwa taratibu iliyo karibu na hii, tume kubwa iliyoundwa na serikali ilitoa taarifa mwezi wa Oktoba mwaka 2019. Ilieleza ya kuwa katika mwaka mmoja tu, wa 2017 hadi 2018, watu zaidi ya 16,000 walikufa huku wakingoja msaada ambao walikwisha kupimwa na kukutwa wanauhitaji. Hatusemi wote waliuawa na kungoja. Wengi walikuwa wazee sana. Twasema tu ya kwamba siku zao za mwisho walistahili kuzimaliza wakisaidiwa, nao wakazimaliza wakingoja. Deni lile halina wa kulipwa tena.

Nne, nalo ni jambo lisilofikiriwa sana, kungojeshwa kwaweza kuwa kuzito kuliko kunyimwa. Anyimwaye waziwazi hujua hali yake. Hulia, kisha huinuka akatafute njia nyingine. Angojeshwaye hafungwi wala hafunguliwi. Katika Marekani daftari la jimbo moja halihesabiwi katika jimbo jingine. Basi jamaa iliyongoja miaka minane, ikihamia kwingine kwa ajili ya kazi, huanza upya kama waliokuja jana. Kwa hiyo watu hukaa pale pale, wasithubutu kusogea, wamefungwa kwa kamba ya matumaini. Wazee walisema ahadi ni deni. Mwenye kukataa hakukopa. Lakini mwenye kuandika jina la mtu katika daftari amekopa, na kila mwaka upitao deni lazidi.

Na msaada ukifika kwa wakati hufanya nini? Katika jimbo la California alikuwako mtu jina lake Ed Roberts. Mwaka 1953, akiwa na miaka 14, alipatwa na polio, karibu mwili wote ukapooza, akawa akilala usiku ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Afisa mmoja wa idara ya jimbo ya kuwasaidia walemavu alikataa kumgharimia masomo, akiona ya kuwa mtu wa namna hiyo hataweza kufanya kazi kamwe. Uamuzi ule ulipingwa mpaka ukaondolewa, na mwaka 1962 akaingia chuo kikuu cha Berkeley, akiwa na watu wa kumsaidia kila siku. Mwaka 1972 yeye na wenzake walianzisha hapo Berkeley nyumba ya kuwatafutia walemavu wasaidizi na makao, ili wakae mjini kama watu wengine. Na mwaka 1975 gavana alimweka kuwa mkuu wa idara ile ile iliyomwona hafai. Tazameni basi: kilichomtenga mtu huyu na kazi hakikuwa kupooza kwake, maana alikuwa amepooza siku ile alipokataliwa, naye alikuwa amepooza vilevile siku ile alipoketi katika kiti cha mkuu. Tofauti ilikuwa msaada.

Twajua ya kuwa wako watakaotupinga, nasi yatupasa kuwasikiliza, kwani baadhi ya maneno yao yana uzito.

Wa kwanza atasema: Fedha zina mwisho. Watu ni wengi na mali ni chache, na zamu ndiyo haki yenyewe. Kila mtu angoje yake. Nasi twajibu ya kuwa zamu ni haki pale watu wote wanapoteka katika kisima kimoja. Hapa visima ni viwili, navyo vyajazwa kwa mali ya mfuko mmoja. Mfuko huo ukiweza kumlipia mlemavu katika nyumba kubwa pasipo kungoja, hauwezi kujitetea kwa umaskini akitaka kulala kwake. Tena zamu ipangwayo kwa tarehe ya kuandikwa tu haiangalii haja. Mbele ya zahanati, mama mwenye uchungu wa kuzaa hupishwa na wenye mafua, wala hakuna asemaye ya kuwa amewadhulumu.

Wa pili atasema: Kazi hii ni ya jamaa. Upendo wa mama haulipwi mshahara, na serikali ikiingia nyumbani itaufukuza upendo. Maneno haya yatugusa, kwa kuwa kwetu sisi kumtunza wa nyumba yako ni jambo la heshima. Lakini upendo si nguvu za mgongo. Mama aweza kumpenda mwanawe hata mwisho, asiweze kumwinua hata mara moja. Msaidizi ajaye asubuhi haji kuchukua nafasi ya mama. Aja ili mama apate kuwa mama, asiwe mchukuzi peke yake. Wasemao ya kwamba jamaa watosha, na wajaribu mwezi mmoja kuamka usiku kila baada ya saa mbili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wa tatu atasema: Mkiharakisha msaada, watajitokeza watu wengi tusiowajua, na hesabu itatushinda. Huenda ikawa kweli watajitokeza. Lakini wametoka wapi? Hawakuzaliwa siku ile mlango ulipofunguliwa. Walikuwa vyumbani, nyuma ya mapazia, wakisumbuka kimya. Kutowaona hakukuwa akiba. Kulikuwa ni kupitisha mzigo kwa wale wasio na sauti ya kulia.

Wa nne atasema: Haraka haraka haina baraka. Mkimpeleka mtu asiyefaa katika nyumba ya mlemavu, ataiba au kuumiza. Huyu twamkubalia nusu. Msaidizi lazima achaguliwe kwa uangalifu, kwa maana aingia chumbani kwa mtu asiyeweza kujitetea. Lakini uangalifu huo ni kazi ya majuma, haiwi ya miaka kumi. Na tukiuliza kwa nini wasaidizi hawapatikani, jibu moja li wazi: ujira wao katika Marekani ni mdogo, na aweza kupata zaidi mahali pengine kwa kazi nyepesi. Mtu asiyelipa mchukuzi asishangae mzigo kubaki njiani.

Basi ni nini kipasacho? Hatuna hekima ya kutawala nchi ya wengine, lakini baadhi ya mambo huonekana hata kwa mtu aliye mbali. Kila anayeomba apimwe upesi, ili mwenye haja kubwa asizikwe katikati ya majina. Aambiwe wazi ni wa ngapi, na atangoja muda gani; maana hata kungoja huwa chepesi mtu akijua mwisho wake. Katika muda huo apewe kidogo, kama mtu wa kumpumzisha mama siku moja kwa juma, kuliko kupewa karatasi tupu. Ndugu amtunzaye alipwe, kama majimbo kadhaa yafanyavyo. Msaidizi apewe ujira wa kumkalisha kazini. Na zaidi ya yote, sheria iugeuze ule upande iliolalia tangu mwaka 1965: nyumbani pawe ndipo mahali pa haki ya kwanza, na nyumba kubwa iwe ya yule aichaguaye au asiyeweza kutunzwa pengine. Mwaka 2021 Serikali Kuu iliongeza kwa mwaka mmoja sehemu yake katika gharama za msaada wa nyumbani. Lakini mwaka 2025 ilipitishwa sheria ya kupunguza fedha za Medicaid kwa miaka ijayo. Na kwa kuwa msaada wa nyumbani haulazimishwi, ni rahisi kwa jimbo lililobanwa kuanza kupunguza hapo. Hivyo jambo hili si la historia. Wako watu ambao mwaka huu waangalia kama zamu yao yakaribia au yasogea mbali.

Miongoni mwa watu hao wamo wasemao lugha yetu. Wakimbizi wengi kutoka Kongo wamepewa makao katika majimbo ya Marekani, nalo Texas ni mojawapo. Kama gazeti hili litamfikia mmoja wao mwenye mtoto mlemavu, shauri letu ni fupi: uliza habari za daftari la jimbo lako mapema, usingoje mtoto akue, na ukihama uulize tena.

Labda msomaji wa kijijini atasema: Haya ni mambo ya mbali, kwetu hakuna daftari. Kweli, vijiji vyetu vingi havina. Lakini pasipo daftari kungoja hakupungui, ila hakuhesabiwi. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulikubali mapatano juu ya haki za walemavu, na kifungu chake cha 19 chataja haki ya mlemavu kuishi kati ya watu na kupata msaada nyumbani kwake. Marekani ilitia sahihi mapatano hayo mwaka 2009, lakini mwezi wa Desemba mwaka 2012 Baraza lake la Seneti halikupata kura za kutosha kuyathibitisha. Kenya na Uganda ziliyathibitisha mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Twaona basi ya kuwa nchi zetu zimefunga neno ambalo hata ile nchi yenye mali haikulifunga. Neno hilo nalo ni ahadi, na ahadi, kama tulivyosema, ni deni. Tuna haki ya kuwauliza wakubwa wetu limelipwa kiasi gani.

Lakini tukiwauliza wakubwa peke yao tutakuwa tumebadilishana mithali kama wale tuliowalaumu. Katika kila kijiji kuna nyumba yenye chumba cha nyuma, na ndani yake mtu asiyetoka. Majirani wajua. Hupita wakisema, mama fulani ana mzigo, Mungu amtie nguvu. Kisha huenda zao. Nao husema tutakuja siku moja tumsaidie kufua, tutakuja tumtengenezee mwanawe kiti, tutakuja tumchukue kijana kanisani. Siku moja hiyo ndiyo daftari letu sisi. Halina karani wala karatasi, lakini watu wamezeeka ndani yake.

Basi twarudi katika swali letu na kulijibu. Msaada uliokubaliwa na kucheleweshwa pasipo sababu ya haki umenyimwa kwa kila siku iliyopita, wala haurudishwi na siku utakapofika. Subira ni sifa njema, nayo ni ya yule alalaye kitandani. Ni yake kuitoa, wala si yetu kumdai. Sisi tulio na miguu tumepewa sifa nyingine, nayo ni kwenda. Aliye na jirani wa namna hiyo na aende juma hili, amwulize yule mama saa gani ya siku ndiyo nzito kwake, kisha saa hiyo awepo.